NANI AILINDE GARI YA MNYONGE?



Liko neno litembealo katika baraza za wakubwa, nalo ni neno la dharau. Wasema kwamba mwenye gari kuukuu hana la kuogopa, kwani mwizi hutafuta kipya. Na gari hiyo ikiibwa, basi na amshukuru Mungu kwa kupunguziwa gharama za gereji. Neno hili huwachekesha wale wasiopatwa. Wahenga wetu walikwisha kusema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi hatucheki. Leo twataka kulijibu neno hilo kwa hoja, kwa sababu ndani yake mna uwongo mmoja na dhulma moja, na vyote viwili vyamkalia shingoni mtu wa chini.

Uwongo ni huu, kwamba gari kuukuu haiibwi. Mtu hahitaji kuwa fundi ili aufahamu ukweli. Gari nyingi mpya za siku hizi zina chombo kiitwacho imobilaiza. Ndani ya kichwa cha ufunguo mmefichwa kipande kidogo chenye namba ya siri, na injini haikubali kuwaka mpaka gari iitambue namba ile. Mwizi na avunje mlango, na aunganishe waya apendavyo, injini itabaki kimya. Gari kuukuu haina ulinzi huo. Ngome yake yote ni ufunguo wa chuma na kitasa cha usukani, na chuma huliwa na miaka. Kitasa kilichozungushwa kwa miaka ishirini na mitano husagika meno, hata kikakubali ufunguo wa gari nyingine au ncha ya mkasi. Hatusemi kwamba gari mpya haiibwi. Wako wezi wenye mitambo ya kuzihadaa. Twasema kwamba anayeiba gari mpya yampasa awe na elimu na vyombo, na anayeiba gari kuukuu yamtosha bisibisi na giza.

Na mwizi naye ni mfanyabiashara. Hupima taabu na faida. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya ziliamrisha kuanzia Oktoba 1998 kwamba gari ndogo mpya ziuzwe zikiwa na imobilaiza. Wizi wa magari Uingereza, uliokuwa umefika kilele mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukashuka sana katika miaka iliyofuata, na chombo hicho kilikuwa miongoni mwa sababu zake kubwa. Lakini wachunguzi wakaona na jambo la pili: wezi walioshindwa na gari mpya waliziendea za zamani, ambazo hazikuwekwa kitu. Yaani mwenye mali alipojengewa ukuta, mwizi hakutubu. Alihamia kwenye nyumba ya makuti.

Sasa tutazame kwetu. Ni nani katika Unguja na Pemba mwenye gari kuukuu? Ni mvuvi apelekaye samaki Darajani kabla jua halijapanda. Ni mwalimu aliyejinyima miaka mingi akanunua gari iliyokwisha kutumika Japani. Ni dereva wa daladala ambaye chakula cha watoto wake cha jioni kimo katika nauli ya asubuhi. Ni jirani anayegongewa mlango usiku wa manane ampeleke mzazi hospitali ya Mnazi Mmoja. Gari ya tajiri ikiibwa, tajiri hukasirika. Gari ya watu hawa ikiibwa, nyumba hulala njaa.

Wala tusidanganywe kwamba bima itawafuta machozi. Bima ambayo sheria yamlazimisha kila mwenye gari kuikata ni ile ya kumlipa mtu wa tatu aliyedhurika barabarani. Gari ikiibwa, bima hiyo haimrudishii mwenyewe hata bawaba ya mlango. Ilipayo wizi ni bima kubwa, na bima kubwa ina bei kubwa. Hivyo aliye na uwezo wa kununua nyingine ndiye anayelipwa, na asiye na uwezo ndiye anayeambiwa asubiri.

Hapo ndipo twafika kwenye dhulma. Mnyonge akiibiwa, swali la kwanza analoulizwa si nani kaiba. Huulizwa: uliiacha wapi? Kwa nini hukufunga vizuri? Kwa nini usinunue gari ya kisasa? Aliyepotewa hugeuzwa kuwa mshitakiwa. Twauliza: aliyetengeneza gari isiyo na kinga haulizwi kitu? Aliyetoza ushuru na kuiandikisha haulizwi kitu? Anayenunua taa na vioo bila kujua vimetoka wapi, naye haulizwi kitu?

Atakayesema kwamba tunawaonea wenye viwanda na asikilize habari hii ya Marekani. Huko hakuna sheria inayolazimisha imobilaiza. Makampuni mengi yaliiweka kwa hiari, lakini Kia na Hyundai ziliuza kwa miaka gari nyingi zenye ufunguo wa chuma mtupu. Taasisi ya wenye bima ya nchi hiyo ilihesabu kwamba katika gari za mwaka 2015, ni asilimia 26 tu za makampuni hayo mawili zilizokuwa na chombo hicho, hali gari za makampuni mengine zilikuwa nacho kwa asilimia 96. Kuanzia mwaka 2021 vijana wakafundishana namna ya kuziiba kwa filamu fupi za simu, na mji wa Milwaukee na mingine mingi ikafurikwa na wizi huo. Februari 2023 makampuni yakatangaza dawa ya bure kwa gari zipatazo milioni 8.3, na polisi wakawagawia watu fimbo za kufungia usukani. Lakini jambo la kuzingatia ni hili: katika nchi jirani ya Kanada, ambako sheria ilikuwa imeamrisha chombo hicho tangu Septemba 2007, makampuni yale yale yalikiweka. Elimu ilikuwapo, na chombo kilikuwapo. Kilichokosekana Marekani ni amri ya serikali. Basi na asije mtu kutuambia kwamba haya ni mambo ya bahati na kudra.

Wengine watasema: hizo zilikuwa gari za kiwandani, lakini gari ambayo imekwisha kuzeeka itafanywa nini? Jibu liko Winnipeg, mji mkuu wa jimbo la Manitoba huko huko Kanada. Katikati ya muongo wa kwanza wa karne hii mji huo ulikuwa umekithiri kwa wizi wa magari kuliko miji mingine mikubwa ya nchi hiyo, na zilizoibwa zaidi zilikuwa gari za miaka iliyopita, zisizo na kinga. Jimbo la Manitoba lina shirika la bima la umma. Kwanza shirika hilo likawataka wenye gari wachangie gharama za kufungiwa imobilaiza, na waliojitokeza wakawa wachache. Likaona kwamba kumtoza mnyonge ili alindwe ni kumwambia asilindwe. Likageuka, likazifungia bure gari zilizo katika hatari kubwa, na kuanzia Septemba 2007 likaifanya kuwa lazima. Wakati huo huo wale vijana waliojulikana kwa wizi wakawekwa chini ya uangalizi wa karibu. Haikupita miaka mingi ila wizi ulikuwa umepungua kwa zaidi ya robo tatu. Na Australia Magharibi, tangu Julai 1999, gari ilipobadilisha mwenyewe ilibidi iwe na chombo hicho, ingawa ilitoka kiwandani bila nacho, na serikali ikarudisha sehemu ya gharama.

Ndugu zetu, sisi tunalo shirika la namna hiyo. Shirika la Bima la Zanzibar lilianzishwa mwaka 1969, nalo ni mali ya serikali, yaani mali ya wananchi. Lile la Manitoba lilianza kazi ya bima ya magari mwaka 1971. Letu ni kaka yao kwa miaka miwili. Je, mkubwa aone haya kujifunza kwa mdogo wake? Tutajibiwa kwamba lile la Manitoba halina mshindani katika bima ya lazima, na letu linao. Naam, ni kweli. Lakini ushindani haujapata kumzuia mfanyabiashara kumpunguzia bei mteja aliyejikinga. Shirika litakaloanza kufanya hivyo litapata wateja.

Hata hivyo hatuwaambii wanachama wakae mikono mifukoni wakingoja serikali. Yako mambo ambayo mwenye gari kuukuu aweza kuyafanya kwa gharama ndogo, nasi twayataja ili kila tawi liyasome.

La kwanza ni swichi ya siri. Fundi umeme mwaminifu aweza kuukata waya wa stata na kuupitisha kwenye swichi iliyofichwa. Isiwe chini ya usukani, ambako mkono wa mwizi hutangulia. Njia hii ina usalama, kwa maana swichi ikiharibika gari iko mwendoni, injini haizimiki. Lakini gari ya gia za mkono huweza kuwashwa kwa kusukumwa. Hiyo na iwekewe swichi kwenye waya wa pampu ya petroli au wa koili, kwa waya mnene na viungo vilivyokazwa barabara, isije ikazimika njiani na kuleta msiba. La pili ni kitasa kilichochakaa: kibadilishwe. Bei yake si kitu mbele ya bei ya gari. La tatu ni fimbo ya kufungia usukani. Kweli mwizi aweza kuikata, lakini itamchelewesha na itampigisha kelele, na mwizi huogopa kuchelewa na kusikika. La nne, gari itakayolala siku nyingi ifunguliwe waya wa betri. Na zile za zamani zaidi, zenye disteributa, zing'olewe rota yake na mwenyewe aingie nayo ndani; mwaka 1940, Waingereza walipohofia kuvamiwa na Wajerumani, waliamrishwa kuzilemaza gari zao kila walipoziacha, na wengi walifanya kwa njia ya namna hiyo hiyo. Wenye vespa wasitegemee kufuli ya usukani peke yake. Mnyororo mnene upite kwenye gurudumu na ufungwe kwenye nguzo.

La mwisho ni daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni namba ya chesisi na ya injini, pigeni picha, zihifadhiwe nyumbani na wala si ndani ya gari. Namba ya gari ichorwe kwenye vioo na taa, kwani mwizi wa vipuri huchukia kitu chenye jina la mwenyewe.

Tumekwisha kusema wajibu wetu. Sasa twasema wajibu wa wenye madaraka, nao ni mambo matatu.

Kwanza, Shirika la Bima liwapunguzie malipo wenye gari kuukuu waliojikinga, na gari za kazi, yaani daladala na gari za mizigo, zifungiwe kinga kwa fedha za umma. Pili, kila anayefanya biashara ya vipuri vilivyotumika aandike katika daftari jina la aliyemuuzia na kitu alichouziwa, na polisi walikague daftari hilo. Pasipo mnunuzi hapana mwizi. Tatu, gari ipakiwayo melini Malindi, Mkoani au Wete isomwe namba ya chesisi, si kibati peke yake, kwa kuwa kibati hubadilishwa kwa bisibisi. Mungu ametujaalia kuwa watu wa kisiwani. Gari haiwezi kuogelea. Ama itapita mlangoni au itachinjwa humu humu tulimo. Nchi yenye milango michache kama hii, ikishindwa kuilinda, itamlaumu nani?

Tena twaonya, wala asitufahamu mtu vibaya: hatumwiti mwananchi yeyote ajichukulie hukumu mkononi. Kumpiga mtu mpaka kufa kwa shaka ya wizi ni kosa kubwa kuliko wizi wenyewe. Tunachodai ni sheria, na ulinzi wa sheria umfikie na mwenye gari ya mwaka 1996 kama unavyomfikia mwenye gari ya mwaka huu.

Kwa hiyo, katika kila mkutano wa tawi, wanachama na waandike orodha ya gari na vespa za wenzao zilizoibwa au kuvuliwa vipuri, pamoja na tarehe na majibu waliyoyapata polisi. Orodha hizo ziletwe makao makuu. Tutazipeleka kwa wahusika zikiwa na hesabu kamili, tuone kama mbele ya karatasi hizo wataendelea kucheka.