Kabla ya kutuonyesha tabasamu, tuonyesheni otoklevu

Wasee, naanza na swali ambalo litanipotezea marafiki. Nyinyi mnaoposti video za "nimesafishwa meno bure, pitieni kwa hawa watu", kuna hata mmoja wenu aliyeuliza kile chuma kilichoingia mdomoni mwake kilitoka mdomo wa nani, na kilipitia wapi katikati?

Nangoja.

Kila wiki naona kliniki mpya ya meno mjini. Taa za rangi, kiti cha ngozi, TV imefungwa darini, halafu msee wa rika langu anacheka meno meupe na kutupa kodi ya punguzo. Hakuna anayepeleka kamera chumba cha nyuma, pale msichana fulani anaosha vyuma kwenye sinki. Sisi maproduza wa maudhui ndio tumekuwa matangazo yao, na tunalipwa kwa kusafishiwa meno. Bei rahisi sana hiyo.

Mimi pia niliitwa. Kliniki sitaitaja jina. Dili ilikuwa kung'arishiwa meno bure, nitoe video mbili. Nikasema sawa, lakini video ya kwanza nataka kurekodi mnavyosafisha vifaa. Meneja akacheka, akaniambia, "Hayo mambo hayaleti watu." Siku iliyofuata dili ikafa. Hata simu hawakupiga.

Sasa tuongee hayo mambo yasiyoleta watu.

Huku kwetu Chepsaita mnajua maharagwe yanavyokula muda jikoni. Si kuni mbaya. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya bahari, na ukiwa juu hivyo maji yanachemka karibu nyuzi 93, hayafiki 100. Miinuko hii inatupatia mabingwa wa mbio, lakini kwa sufuria haitusaidii. Na hata yangefika 100, kuna vijidudu vinavyojifunga ndani ya ganda gumu, kama vile vya pepopunda, na vinaweza kuvumilia maji yanayochemka. Kwa hivyo mtu akikuambia "vyombo tulichemsha", ujue bado hajakuambia kitu.

(Wazee wetu wengi walitolewa meno mawili ya chini mbele. Sababu tuliyosimuliwa ni kwamba pepopunda ikikufunga taya, uweze kunyweshwa uji kwenye pengo. Fikiria hiyo: unatolewa jino kwa chuma kisichochemshwa, ili ujikinge na ugonjwa unaoweza kuletwa na chuma kisichochemshwa. Wao hawakuwa na namna. Sisi tuna namna.)

Namna yenyewe inaitwa otoklevu. Ni ndugu mkubwa wa sufuria ya presha. Inabana mvuke mpaka joto linafika nyuzi 121 na kushikilia dakika 15 au zaidi, au nyuzi 134 kwa angalau dakika 3. Lakini hizo ni dakika za kushikilia tu. Kuna kupasha, kuna kutoa presha, kuna kukausha. Na kabla ya hayo yote kuna kusugua, kwa sababu damu iliyokauka ni ngao, mvuke haupiti. Wengine wanaloweka vyuma kwenye Jik alafu wanaona kazi imeisha. Hapana. Jik ina kazi yake, lakini damu inaidhoofisha na chuma kinaliwa na kutu. Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka wa 2016 kwamba kuloweka vifaa kwenye klorini kabla ya kuviosha hakupendekezwi.

Hebu tupige hesabu ya darasa la sita. Chukua kliniki yenye seti tatu za koleo za kung'oa. Mgonjwa mmoja dakika 20, kuosha dakika 15, mashine dakika 45. Jumla dakika 80 kabla seti hiyo iguse mdomo mwingine. Kutoka saa mbili asubuhi hadi saa sita kuna dakika 240, kwa hivyo kila seti inazunguka mara tatu. Seti tatu, watu 9. Kama asubuhi hiyo wameng'olewa watu 12, nauliza tu: hao 3 wametumia nini?

Na hiyo ni kama stima iko. Agosti 2023 karibu nchi nzima ililala gizani. Mashine ikizima katikati, unaanza upya, hukadirii eti "ilikuwa imebakisha kidogo".

Drili ndiyo inanikera zaidi. Ile inayolia mdomoni inavuta mate na damu ndani ya matumbo yake. Kuipangusa nje kwa spiriti ni kama kuosha gari nje wakati kuna mbwa amefia ndani. Inafaa iingie otoklevu kila baada ya mgonjwa. Lakini ni ghali, kliniki inanunua mbili, na kuanzia hapo mnajua hadithi.

Komenti ya kwanza naijua tayari: "Wewe uliacha chuo, utafundisha madaktari?" Niliacha chuo, ndiyo. Kusoma sijaacha. Na sifundishi daktari yeyote. Chuo Kikuu cha Moi kina shule ya udaktari wa meno hapa hapa Eldoret, na haya mambo wanafunzi wanafunzwa. Tatizo si kujua. Tatizo ni kwamba kufanya vizuri kunakula pesa na muda, na sisi wateja tunauliza bei pekee.

Ya pili: "Nani amewahi kuumwa?" Hapo ndipo penye hatari. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa kwenye kitu kikavu siku 7 na bado viambukize. Ukivipata, unaweza kukaa miaka bila dalili. Utakumbuka kweli jino ulilong'olewa ukiwa Turbo? Watoto wa Kenya walianza kuchanjwa mwishoni mwa 2001, kwa hivyo wengi wa rika langu tuna kinga. Mathe wako hana, labda awe alijilipia.

Na si Afrika pekee. Mwaka wa 2013 huko Oklahoma, Marekani, wagonjwa karibu 7,000 wa daktari mmoja wa meno waliambiwa waende wapimwe. Wakaguzi walikuta vyuma vyenye kutu na otoklevu ambayo haikuwa imepimwa kwa miaka. Ilithibitishwa kwamba mgonjwa mmoja aliambukizwa homa ya ini aina ya C kutoka kwa mwingine. Kliniki yenyewe haikuwa kibanda.

Yule msichana wa sinki pia mumfikirie. Akidungwa na sindano ya mtu mwenye HIV, hatari ni kama watu 3 kwa 1,000. Ikiwa ni homa ya ini B na hajachanjwa, inaweza kufika 30 kwa 100. Amepewa chanjo? Amepewa glavu nene, ama zile nyembamba za kupakia saladi?

Kuuliza si kukosa heshima. Unasema tu: "Samahani daktari, naomba unifungulie pakiti nikiona." Kifaa kilichopita otoklevu kinakuja kimefungwa, na pakiti ina alama inayobadilika rangi. Alama hiyo inaonyesha kiliona joto, haithibitishi kila kitu, ndiyo maana mashine yenyewe inapaswa kupimwa kwa vijidudu vya majaribio, na kuwe na rejista. Daktari mzuri atafurahi umeuliza. Akikasirika, shuka kwa kiti. Leseni pia unaweza kuitafuta kwenye tovuti ya baraza la madaktari, KMPDC, ukiwa bado kwa foleni.

Kwa kliniki yoyote kati ya Turbo na Eldoret: nitakuja na simu yangu. Mnionyeshe sinki, otoklevu ikifanya kazi, na rejista ya miezi mitatu. Nitaposti bila kukata, bila malipo, na meno yangu muyaache yalivyo.