Kwa Usalama Wako

Kuna maneno matatu ya Kiswahili ambayo yamefanya kazi kubwa kuliko methali zote tulizokaririshwa shuleni: kwa usalama wako. Ukiyasikia, shika mfuko wako, maana kuna kitu unakaribia kunyang'anywa. Inaweza kuwa chupa ya asali uliyompelekea shangazi. Inaweza kuwa alama za vidole vyako. Inaweza kuwa intaneti ya nchi nzima. Na ukiuliza sababu, unajibiwa kwa maneno yaleyale matatu, kana kwamba swali lenyewe ni utovu wa adabu.

Sisi tunaopenda vitabu tumezoea kuuliza neno limetoka wapi na linamtumikia nani. Basi tulichukue hili nalo tulipitishe kwenye mkanda wa ukaguzi, lipigwe eksirei kama sisi tunavyopigwa.

Tuanze uwanja wa ndege, ambako kila kero ina tarehe yake ya kuzaliwa. Viatu: tarehe 22 Desemba 2001, Richard Reid alipanda ndege ya Paris kwenda Miami akiwa na baruti kwenye viatu, akahangaika kuiwasha, ikagoma. Maji na mafuta: Agosti 2006, polisi wa Uingereza walitangaza kuwa wamekamata watu waliopanga kulipua ndege kwa vimiminika vilivyofichwa kwenye chupa za vinywaji. Mashine inayokutazama mpaka ndani ya nguo: sikukuu ya Krismasi ya 2009, Umar Farouk Abdulmutallab alijaribu kulipua ndege iliyotoka Amsterdam kwenda Detroit kwa kitu alichokishonea kwenye chupi. Kikashika moto, hakikulipuka.

Mtindo ni uleule. Mtu mmoja anajaribu, anashindwa, halafu sisi mabilioni tuliobaki tunatumikia kifungo chake. Reid yuko gerezani Marekani mpaka leo; sisi wengine tulikuwa nje tukivua viatu kwa niaba yake. Wamarekani waliacha kulazimisha abiria kuvua viatu Julai 2025. Miaka karibu ishirini na minne! Watoto waliozaliwa mwaka ule wa Reid wamemaliza chuo.

Sasa jiulize: nani aliwazuia Reid na Abdulmutallab? Mashine? La hasha. Wote wawili walipita ukaguzi. Waliodhibitiwa nao ni abiria wenzao na wahudumu wa ndege, watu wa kawaida waliosikia harufu ya moshi wakaruka kutoka kwenye viti. Na mwaka 2015, habari zilipovuja kwamba wakaguzi wa siri wa serikali ya Marekani walijaribu kupitisha silaha na mabomu ya bandia kwenye viwanja vya ndege vya nchi hiyo, tuliambiwa kwamba katika majaribio 70 walipita mara 67. Sabini kwa sabini tu ndiyo ingekuwa aibu zaidi. Lakini chupa ya asali ya shangazi? Hiyo hawajawahi kuikosa.

Bruce Schneier, mtaalamu wa usalama wa kompyuta, aliwahi kuuita mchezo huu tamthilia ya usalama. Kwa sisi wasomaji wa tamthilia jina hilo linatufaa, ila tuseme ukweli: tamthilia yenyewe ni mbovu. Mantiki yake haishiki. Sheria ya mililita 100 inapima chupa, haipimi kilichomo. Chupa ya mililita 200 iliyobaki na tone la manukato chini inachukuliwa. Chupa ndogo kumi zilizojaa zinapita, mradi zienee kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha. Na kile kinachoshukiwa kuwa bomu kinatupwa wapi? Kwenye pipa, palepale kando ya foleni ya watu mia tatu. Ama mkaguzi ni shujaa kupindukia, ama naye anajua kuwa ni asali.

Mfuko wenyewe wa plastiki una kisa chake. Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni 2019, wageni waliambiwa waisalimishe mifuko yao mpakani na viwanja vya ndege. Lakini ile midogo ya kubebea sabuni na dawa ya meno iliruhusiwa, maana sheria nyingine ilikuwa imeshawalazimisha abiria kuwa nayo. Kwa usalama wako, beba plastiki. Kwa usalama wa mazingira, acha plastiki. Abiria asimame wapi, jamani?

Halafu kuna kituko cha Machi 2017. Marekani ilizuia kompyuta mpakato ndani ya ndege zilizotoka viwanja kumi vya nchi nane za Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, zikiwemo Dubai na Doha ambako wengi wetu tunabadilishia ndege. Siku ileile Uingereza nayo ikatoa katazo lake, lakini katika orodha yake Dubai na Doha hazimo. Maana yake, kompyuta ileile iliyotoka Dubai ilikuwa bomu ikielekea New York, na ilikuwa kompyuta tu ikielekea London. Miezi michache tu nyuma, mwaka 2016, simu za Samsung Galaxy Note 7 zilikuwa zimekatazwa kwenye ndege kwa sababu betri zake zilikuwa zinashika moto. Sasa abiria wakaambiwa vifaa vyenye betri kubwa zaidi viwekwe kwenye shehena, ambako hakuna mtu wa kuona moshi. Kufikia Julai katazo la Marekani likaondolewa. Hakuna aliyeomba radhi.

Najua mtu atasema: wewe unacheka, lakini hatari ipo. Ndiyo, ipo, na sisi huku hatuhitaji kufundishwa. Tarehe 7 Agosti 1998 Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa asubuhi moja. Tulishuhudia Westgate mwaka 2013. Mwaka 2015 tulizika vijana wa Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 waliuawa pale. Anayefiwa hafanyi mzaha na kifo. Kwa hiyo ulinzi wa kweli nauheshimu. Mlango wa chumba cha rubani uliimarishwa baada ya Septemba 2001, unafungwa kwa ndani, hauvunjiki kwa teke. Ni hatua ya maana sana, na haijamvua mtu hata soksi. Haikuulizi jina, haikutunzii picha, haikuhubirii. Ulinzi wa kweli mara nyingi ni kimya namna hiyo. Unaopiga kelele ndio wa kuutilia shaka.

Shida ni kwamba ukaguzi ukishazoeleka haubaki kwenye mabegi. Unahamia kwenye majina, kisha kwenye maneno.

Kwenye majina: mpaka Julai 2008, Nelson Mandela alihitaji kibali maalumu kuingia Marekani, kwa sababu chama chake cha ANC kilikuwa bado kwenye orodha yao ya magaidi. Mzee alikuwa na Nobel tangu 1993, alikuwa ameshakuwa rais na kustaafu, alikuwa amebakiza siku chache kutimiza miaka 90. Ilibidi Bunge lao litunge sheria ili atolewe. Haya, niambie: kama Mandela alihitaji sheria ya Bunge, wewe Juma Hamisi ambaye jina lako limefanana na la mtu mwingine utahitaji nini?

Kwenye maneno: Januari 2010 mhasibu mmoja kijana wa Uingereza aliona uwanja wa ndege wa karibu naye umefungwa kwa theluji, akaandika Twitter kwa utani kwamba wasipoufungua ataulipua. Akakamatwa, akatiwa hatiani, akapoteza kazi. Ilichukua mpaka Julai 2012 kwa mahakama ya juu kugundua kile ambacho watoto wa darasa la tatu wangeling'amua: ule ulikuwa utani. Miaka miwili na nusu kuelewa kichekesho. Tunawalalamikia wanafunzi wetu kuwa hawajui tamathali za semi, kumbe kuna mawakili wa serikali wanaohitaji masomo ya ziada.

Na hapa ndipo neno linapotua kwetu. Kwa Kiswahili cha Tanzania "usalama" lina maana mbili, na zote mnazijua. Maana ya kwanza iko kwenye kamusi. Ya pili inasemwa kwa sauti ya chini: "Yule bwana ni usalama." Ukishaambiwa hivyo huongezi neno, unaanza kuzungumzia mpira. Neno linalotakiwa kukutoa hofu ndilo hilohilo linalokutia hofu. Sijui lugha ngapi zina bahati hiyo.

Kwa hiyo mtu akisema "kwa usalama wako", mimi husikia maana zote mbili kwa pamoja. Tuliposajili laini za simu kwa alama za vidole, mpaka siku ya mwisho ya tarehe 20 Januari 2020, sababu ilikuwa wahalifu na matapeli. Watu walipanga foleni ya kitambulisho cha taifa tangu alfajiri, wazee na wajawazito wakiwemo. Vidole tulitoa. Na bado leo hii simu inaita: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Tapeli anaendelea na biashara yake, aliyejulikana anaishi wapi na anaongea na nani ni wewe.

Mwaka 2018 zamu ikawa ya waandishi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania zilimtaka mwenye blogu awe na leseni: laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni, milioni moja ya ada ya mwaka. Jumla shilingi 2,100,000 ili uandike mambo yako. Ukikaidi, faini isiyopungua milioni tano, au jela isiyopungua miezi kumi na miwili, au vyote. Kanuni hizohizo zilitaka hata simu yako iwe na nywila, na zilikataza maudhui yanayoudhi. Juni mwaka ule Jamii Forums ikajifungia kwa muda, na blogu nyingi ndogo zikazima taa. Baadaye ada zilipunguzwa, lakini waliokata tamaa hawakurudi wote.

Lisome tena neno hilo: yanayoudhi. Kumuudhi nani? Rosa Mistika ya Kezilahabi ilipotoka 1971 iliudhi watu wengi, ikazuiwa shuleni. Leo huwezi kuisimulia historia ya riwaya ya Kiswahili ukairuka. Abdilatif Abdalla aliiudhi serikali ya Kenya kwa kijikaratasi cha 1968 kilichouliza nchi inakwenda wapi, akafungwa miaka mitatu, akatoka na Sauti ya Dhiki. Ukiondoa maudhi kwenye fasihi yetu kinachobaki ni salamu za mwaka mpya.

Uganda nako, Rais Museveni alilalamika mwaka 2018 kuhusu lugambo, yaani umbea, wa mitandaoni, na kuanzia Julai watu wakatozwa shilingi 200 kwa siku ili wafungue WhatsApp na Facebook. Umbea kutozwa kodi! Hadithi ya Kiswahili ilianzia barazani, na barazani kuna nini kama si umbea uliopikwa vizuri? Kodi ile ilifutwa mwaka 2021, nafasi yake ikachukuliwa na kodi ya bando. Mwaka huohuo wa 2021 walizimiwa intaneti kwenye uchaguzi. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, ikazimwa Tanzania, siku kadhaa. Watu hawakujua ndugu zao wako hai au la. Mama yuko Mwanza, mtoto yuko Mbagala, katikati kuna ukimya. Usalama wa nani ule?

Swali ndilo hilo, na ni swali la sarufi: ule "wako" ni wa nani? Kimilikishi kinasema mali ni yangu. Lakini mali yangu naweza kuiuliza, kuikagua, hata kuikataa. Usalama huu siwezi. Nimepewa kwa jina langu, ufunguo anao mwingine.

Wanaotunga amri hizi nawadai mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mashine mpya. Kwanza, kila katazo la dharura litoke na tarehe yake ya kufa, ili atakayetaka liendelee aje mbele yetu alitetee upya, badala ya sisi kusubiri miaka ishirini na nne. Pili, anayewekwa kwenye orodha, anayenyimwa leseni au anayezimiwa laini aambiwe kwa maandishi ni kosa gani na mahali pa kukata rufaa, kwa Kiswahili ambacho bibi yake atakielewa. Tatu, turuhusiwe kucheka. Amri isiyovumilia utani inajijua ilivyo.

Na sisi tunaoandika tuna deni letu. Tumezoea kuyaacha maneno haya matatu yapite bila kufunguliwa begi. Mhariri anaandika "kwa sababu za kiusalama" kwenye habari na kuishia hapo, kama vile ameshaeleza. Hajaeleza. Kila tunapoikuta sentensi hiyo, kwenye tangazo, kwenye gazeti, kwenye ujumbe wa simu, tuisimamishe. Iweke vitu vyake kwenye trei. Ituambie ni usalama upi, wa nani, dhidi ya nani, na mpaka lini. Ikishindwa kujibu, isipite.