Karatasi Yenye Jina Moja

Kifungu cha 2A kilipofutwa katika Katiba mnamo Desemba 1991, Wakenya tulikuwa tumekwisha kujifunza jambo moja: karatasi ya kura yenye jina moja haimpi mwananchi uchaguzi. Somo hilo latuhusu tena sisi wazazi na waumini wa Murera, safari hii kwa habari ya shule za sekondari.

Januari 2026 kundi la kwanza la mtaala mpya liliingia Gredi ya 10. Kila mwanafunzi alitakiwa achague njia moja kati ya tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Serikali ilikusudia asilimia 60 wafuate sayansi. Wazo ni jema, wala hatulipingi. Lakini sayansi isiyo na maabara wala mwalimu ni jina tu karatasini.

Haya si mageni kwetu. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliahidi kumpa kijana ujuzi wa mikono. Wazazi walichanga kwa harambee wakajenga karakana. Nyingi zikakosa vifaa. Baadaye masomo hayo yakapunguzwa, mtihani ukatawala, na vijana wengi wakahitimu na vyeti pasipo ufundi.

Sisi tunaishi kati ya Ruiru na Thika yenye viwanda, na chuo kikuu cha kilimo na teknolojia kiko jirani Juja. Ni haki gani basi itakayomnyima mtoto wa kibarua wa shamba la kahawa maabara, kwa sababu tu mzazi wake hawezi kulipa karo ya bweni naye husoma shule ya kutwa?

Kwa hiyo twadai mambo mawili. Kila shule itangaze wazi masomo inayoyafundisha kweli, na walimu na vifaa ilivyo navyo, kabla mtoto hajachagua. Pili, fedha za maabara zianzie shule za kutwa.

Ndugu waumini, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imempa mfadhili wa shule wajumbe watatu katika bodi. Makanisa yetu ni wafadhili wa shule nyingi. Wajumbe wetu wasikae humo kama wageni waalikwa. Waulize, waandike majibu, nao waturudishie habari.