Je, ufundi wa kwenye skrini unastahili muda wa mwanafunzi?

Kila likizo inapokaribia, malalamiko huwa ni yale yale katika vyumba vya walimu: vijana wamezama katika michezo ya intaneti. Nami nikiwa mwalimu na mkazi wa Gatongora, huku Ruiru, nimeyasikia malalamiko hayo hadi nikayakariri. Hata hivyo, lipo jambo ambalo wengi wa wenzangu hawajaling'amua. Si vijana wote wanaokesha wakipigana kwa bunduki za kuigiza. Wapo wanaokesha wakichimba madini, wakikata miti, wakiyeyusha chuma, wakichonga pinde na kushona viatu, yote hayo kwenye kioo cha simu. Ukimuuliza kijana wa aina hiyo anafanya nini, atakujibu bila haya kwamba anafanya kazi.

Jibu hilo lisipuuzwe. Kwa msomaji asiyeifahamu michezo hii, nieleze kwamba maelfu ya watu kutoka pembe zote za dunia hukutana katika ulimwengu mmoja wa kubuni. Humo mchezaji hukusanya malighafi, huunda kifaa kwa kufuata kanuni zilizowekwa, hupata pointi zinazompandisha kiwango cha ufundi, kisha hukipeleka kifaa hicho sokoni kukiuza kwa wachezaji wengine. Mchezo wa Ultima Online, uliotolewa mwaka 1997, ulikuwa miongoni mwa ya kwanza kumruhusu mtu aishi humo kama mhunzi au mshonaji, bila ya kulazimika kuwa shujaa wa vita. Ukafuata RuneScape mwaka 2001, kutoka mji wa Cambridge nchini Uingereza, na tangu mwaka 2018 toleo lake la zamani linachezwa kwa simu ya mkononi. Kwa hivyo karakana hiyo imo mifukoni mwa wanafunzi wetu.

Kijana wa huku ana sababu ya busara ya kuupenda uhunzi huo kuliko vita. Mitambo inayoendesha michezo mingi iko mbali, aghalabu ng'ambo, na ujumbe wa kidole chake huchukua muda kufika huko na kurejea. Katika mapigano, ucheleweshaji huo mdogo humfanya auawe kabla ya kumwona adui. Mhunzi hana wasiwasi huo. Chuma hakimkimbii. Mtu mwenye mtandao wa kusuasua na kifurushi kidogo cha data anaweza kuwa fundi hodari ilhali hawezi abadani kuwa askari hodari.

Sasa tufanye hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo inayokosekana katika ubishi huu wote. Katika RuneScape, kufikia kiwango cha 99 cha ufundi wowote huhitaji pointi 13,034,431. Mwanafunzi akifika kiwango cha 92 hujiona yuko mlangoni. La hasha! Kiwango hicho huhitaji pointi 6,517,253, yaani nusu tu ya safari. Sababu ni kwamba pointi zinazohitajika hukaribia kuongezeka maradufu kila baada ya viwango saba. Mwalimu wa hisabati anayetafuta mfano wa mfuatano wa kijiometri ambao darasa litausikiliza bila kusinzia, ameupata.

Tuendelee. Upinde mrefu wa mti uitwao yew huchongwa na aliyefika kiwango cha 70, na humpa pointi 75. Kutoka kiwango hicho hadi 99, kwa pinde hizo pekee, atachonga takriban 164,000. Tuseme kila mmoja unachukua sekunde mbili, bila ya kuhesabu muda wa kutafuta magogo na kuyapeleka ghalani. Hizo ni saa 91. Kwa kipimo cha shule, ni vipindi 136 vya dakika 40. Somo lenye vipindi vitano kwa wiki lingehitaji zaidi ya wiki 27 kuvimaliza.

Pengine msomaji atadhani nimekwisha kutoa hukumu. Bado. Muda mrefu peke yake si hoja. Hapa Ruiru kuna kituo cha utafiti wa kahawa ambacho jina la mji wetu limeenea duniani kwa sababu yake. Ugonjwa wa matunda ya kahawa ulipowatia wakulima hasara kubwa mwishoni mwa miaka ya 1960, watafiti walianza kuzalisha aina mpya ya mbegu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Ruiru 11 ikawafikia wakulima mwaka 1985. Mche wa kahawa hausikii amri. Unapandwa, unangojewa miaka, unachunguzwa, na mara nyingi unatupwa. Hakuna anayethubutu kusema muda ule ulipotea. Kila msimu kulikuwa na uamuzi wa kufanywa, na uamuzi mbaya ungerudisha kazi nyuma.

Hapo ndipo ninapoweka mpaka wangu. Ninauliza swali moja kuhusu ufundi wowote, uwe wa karakana au wa skrini: je, fundi anaweza kukosea? Fundi wa kuchomelea mageti kando ya barabara akipima vibaya, chuma kimeharibika, pesa zake zimekwenda na mteja amekasirika. Kesho atapima mara mbili. Huko ndiko kujifunza. Katika RuneScape ni kweli kwamba mawe ya chuma yakiyeyushwa kwa njia ya kawaida, karibu nusu huharibika. Lakini hiyo ni bahati nasibu, wala si kosa la mhunzi. Mwerevu na mzembe hupata hasara sawasawa. Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Sidhani walikuwa na mbonyezo wa kitufe akilini.

Isitoshe, vitu vingi vya kuundwa katika mchezo huo huuzwa kwa bei ya chini kuliko malighafi yake. Ni ajabu, lakini sababu yake iko wazi: wachezaji hawatafuti upinde, wanatafuta pointi, na soko limefurika pinde zisizo na mnunuzi. Mkulima wetu wa kahawa amelia kwa miaka mingi kwamba anauza buni mbichi kwa bei duni huku faida ikimwendea anayeikaanga na kuifungasha. Kwenye skrini mambo yamepinduliwa: anayeongeza thamani ndiye anayepata hasara. Ni mfanyakazi anayemlipa mwajiri ili aruhusiwe kufanya kazi.

Lakini haki inatulazimu tukiri kwamba si michezo yote iliyo hivyo. Mwaka 2003 ulitolewa Star Wars Galaxies, ambamo malighafi zilitofautiana ubora, zikachipuka mahali fulani na baada ya siku kadhaa zikatoweka. Fundi alilazimika kupeleleza, kuweka akiba na kuchanganua ipi inafaa kwa kifaa kipi. Vifaa vilichakaa, kwa hivyo wateja walirudi. Wapo mafundi waliojijengea sifa kwa majina yao. Kisha mwishoni mwa mwaka 2005 wenye mchezo wakabadilisha kanuni ili kuurahisisha, na wachezaji wengi, mafundi wakiwemo, wakahama kwa hasira. Mnamo Desemba 2011 mchezo wenyewe ukafungwa, na kila karakana ikafutika pamoja nao.

Aliyeishi katika nchi hii miaka ya 1990 hahitaji kufafanuliwa kinachomsibu fundi ambaye kazi yake haihitajiki tena. Soko lilipofunguliwa na mitumba ikamiminika, viwanda vya nguo vilidhoofika au kufungwa kabisa, na washonaji wengi wakabaki kukarabati nguo zilizoshonwa na wengine. Vivyo hivyo, katika michezo ambamo zimwi likiuawa huangusha upanga bora kuliko wowote unaoweza kufuliwa, mhunzi hana kazi. Amebaki pambo.

Kinyume cha hayo ni EVE Online, uliotoka Aisilandi mwaka 2003. Humo karibu kila chombo cha angani huundwa na wachezaji, na chombo kikilipuliwa kimekwenda milele. Katika vita moja ya Januari 2014, vyombo 75 vya aina kubwa kuliko zote viliangamia, na hasara yote ya siku ile ikakadiriwa kuwa na thamani ya dola 300,000 za Marekani. Kwa waundaji, kilio cha mwenye chombo ni oda mpya. Uchumi wa mchezo huo ulikuwa mzito kiasi kwamba mwaka 2007 wenye kampuni walimwajiri mwanauchumi, Eyjólfur Guðmundsson, ambaye mwaka 2014 alikuja kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Akureyri. Kijana anayefanya biashara humo hujifunza gharama, ushindani, usafirishaji na kuvunjwa kwa ahadi. Singemwita mpotevu wa muda, ingawa ningemwambia aende kulala.

Kuna wanaojitetea kwamba watauza mali ya mchezo kwa fedha halisi. Wavenezuela wengi walifanya hivyo katika RuneScape uchumi wa nchi yao ulipoporomoka. Walisukumwa na njaa, na biashara hiyo imepigwa marufuku na wenye mchezo. Akaunti inaweza kufungwa asubuhi moja, nayo miezi ya jasho ikaenda nayo. Mwanafunzi asijidanganye kwamba hiyo ni ajira.

Kwa walimu wenzangu, ninasikitika kwamba tunalaani ufundi wa bandia wakati ule wa kweli tuliuachilia wenyewe. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, wazazi walichanga kwa harambee kujenga vyumba vya kazi za mikono. Masomo hayo yalipopunguzwa baadaye, randa na misumeno vikashika kutu. Mtaala wa Umilisi ulioanza kote nchini mwaka 2019 umejaribu kuyarudisha, lakini mara ngapi mzazi ndiye anayekesha akigundisha karatasi ili mtoto apate alama? Mtoto asiyepewa nafasi ya kuharibu ubao shuleni ataitafuta karakana kwingine, na simu iko karibu.

Badala ya kuipokonya simu hiyo na kuifungia kabatini, ningependelea mwalimu amtake mwanafunzi alete daftari: malighafi zimegharimu kiasi gani, kifaa kimeuzwa kwa kiasi gani, ushuru wa soko umekata ngapi, muda uliotumika ni upi. Anayeweza kulijaza ananufaika kwa kiasi fulani. Asiyeweza, au anayegundua kwamba safu ya faida ni tupu kutoka juu hadi chini, ataona mwenyewe kilichoandikwa kwa mkono wake.

Na kwa kijana aliyefika kiwango cha 85 cha uchongaji, anayetaka likizo hii amalize vilivyobaki, nimemfanyia hesabu. Ana pointi 3,258,594, ambazo ni robo ya safari. Kwa upinde ule ule wa pointi 75, amebakiza pinde zipatazo 130,000. Aniambie ni nani aliyeziagiza.