UJUZI USIHAME NA MTUMISHI

Mtumishi wa umma anapohamishwa kutoka Pande, Wilaya ya Kilwa, humkabidhi mwenzake funguo, muhuri, samani na majalada. Lakini mara nyingi kilicho na thamani kuliko hivyo vyote hakikabidhiwi, nacho ni ujuzi: ni lini wavuvi huwa baharini na ni lini huwa mashambani, ni mpango gani uliokataliwa na mkutano wa kijiji, na kwa sababu gani. Ajaye huanza upya, na wananchi huulizwa maswali waliyokwisha kuyajibu.

Jambo hili si dogo. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu zake. Mitambo ililetwa na reli ikajengwa, lakini udongo na mvua havikuchunguzwa vya kutosha, wala ujuzi wa wakulima wenyeji haukufanywa msingi wa kazi. Mwaka 1951 mpango huo uliachwa, ukiwa umekwisha kula karibu pauni milioni 36.

Kinyume cha hayo kimeonekana Kilwa yenyewe. Katika vijiji vya Kikole na Kisangi, wananchi waijuao misitu yao walishirikiana na wataalamu wajuao kuipima. Miti ilihesabiwa, kiwango cha kukata kikawekwa, kumbukumbu zikatunzwa. Mwaka 2009 misitu hiyo ilipata hati ya kimataifa ya usimamizi bora, ya kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili iliyo mikononi mwa wanavijiji. Mpingo ni ule ule wa mababu. Kipya kilikuwa ni kuunganisha ujuzi na kuuandika.

Basi ubunifu hauletwi na kompyuta peke yake. Kompyuta isiyoandikiwa kitu ni sawa na kabati tupu. Kila mtumishi hana budi kuandika, kabla ya kuhama, yale aliyoyajaribu, yaliyofaulu na yaliyoshindwa. Wakuu wa kazi nao wasimwadhibu aandikaye ukweli, kwani kosa lililofichwa hurudiwa. Walimu wawatume wanafunzi kwa wazee wa pwani wakaulize habari za kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu, na madaftari hayo yabaki shuleni.

Wako wanaouficha ujuzi ili waonekane kwamba bila wao kazi haiendi. Wakumbuke kuwa ujuzi uliopatikana kwa mshahara wa umma ni mali ya umma. Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini ujuzi usioandikwa huoza.