Huyo si Sungura Tu

Nyuma ya nyumba yangu hapa Mandewa, ng'ambo ya ua wa minyaa, kuna banda la mabanzi lenye sungura mweupe. Walikuwa wawili, walionunuliwa kwa ajili ya mtoto wa jirani. Mwanzoni alikuwa akiwakatia majani kila akitoka shule, wajukuu zangu wakimwonea wivu. Januari akaenda shule ya bweni, na ile kazi ikakosa mwenyewe.

Mwezi wa 10 hapa Singida jua ni kali, mvua bado, na upepo unaleta vumbi tupu. Siku niliyoingia kumwangalia, bati la banda lilikuwa halishikiki. Kopo la maji kavu, chini yake utando wa kijani umepasukapasuka. Ukurutu ulikuwa umeziba masikio yake, tabaka juu ya tabaka, na ukucha mmoja mrefu ulikuwa umenasa kwenye wavu wa sakafuni. Akanitazama tu. Angekuwa mbuzi, mtaa mzima ungesikia.

Nikapiga hodi. Jirani yangu si mtu mkatili. Mwaka jana nilipougua usiku ndiye aliyenipakia kwenye pikipiki yake hadi hospitali. Akanisikiliza, kisha akasema, "Mama, huyo si sungura tu?"

Neno hilo "tu" ndilo lililonikalisha niandike. Hadithi tulizosimuliwa jikoni zilitufundisha kwamba sungura ni mjanja, fisi hamuwezi, simba hamuwezi. Lakini yule ni wa porini: huzaliwa macho wazi, na manyoya yake. Huyu wa bandani ni mwingine, asili yake Hispania na Ureno, huzaliwa haoni na hana manyoya. Joto likizidi nyuzi 30 hulemewa, kwa kuwa hatoi jasho kama sisi. Meno yake hayaachi kukua, hivyo anataka nyasi za kutafuna kutwa, siyo pumba na mashudu ya alizeti peke yake. Akishinda na kulala bila kula, tumbo husimama, na anaweza kufa kabla hujajua kama anaumwa.

Kuku wa kienyeji ukimsahau atajitafutia jalalani. Sungura umemfungia wewe. Asipopewa maji na wewe, hayapati. Tangu 2008 tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama, lakini sikwenda pale kumtisha jirani kwa sheria. Nilikwenda kwa sababu yule wa pili alikufa mwezi wa 8, na mimi nilikuwa nimeshamwona anavyokonda, nikanyamaza, nikijiambia mambo ya uani kwa mtu hayanihusu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mzazi unayetaka kumnunulia mwanao sungura, amua kwanza nani atakata majani mtoto akiondoka. Na wewe unayechungulia juu ya ua, piga hodi mapema kuliko nilivyopiga mimi.

Mwishowe mimi na jirani tulisaidiana kulibeba banda hadi chini ya mwarobaini. Afisa mifugo wa kata akaja, akamchoma sindano ya ukurutu na kumkata kucha. Jirani mwenyewe ndiye aliyejaza kopo, na sungura akanywa muda mrefu bila kuinua kichwa, sisi watatu tumesimama tunamwangalia.