Mficha Uchi Hazai: Lugha ya Dalili za Rutuba

Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai. Katika madarasa ya fasihi simulizi, methali hii hufafanuliwa kwa maana yake ya ndani: mwenye tatizo asipolifichua hapati msaada. Maana yake ya nje hupitwa haraka, pengine kwa soni. Hata hivyo, maana hiyo ya nje ndiyo inayowagusa wake na waume wengi wanaotafuta mtoto mwaka baada ya mwaka. Makala haya yanashikilia kuwa sehemu ya shida yao ni ya kilugha. Mwili wa mwanamke hutoa dalili za siku anazoweza kushika mimba, lakini Kiswahili kinachotumiwa kuzieleza ama huzitisha, ama huzitia uchafu, ama hunyamaza.

Dalili zenyewe si siri wala uganga. Yai likishapevuka na kutoka katika ovari huishi kati ya saa 12 na 24 tu, ilhali mbegu za kiume zinaweza kuishi hadi siku 5 ndani ya mwili wa mwanamke. Kwa hiyo siku za rutuba katika kila mzunguko ni kama 6: tano zinazotangulia kutoka kwa yai, na siku yenyewe linapotoka. Siku hizo zinapowadia, ute wa mlango wa kizazi huongezeka, hung'aa, huteleza na kuvutika baina ya vidole bila kukatika upesi. Yai likishatoka, ute huo hupungua au huwa mzito, na joto la mwili hupanda kwa nyuzi 0.2 hadi 0.5 za Selsiasi. Joto hilo hupimwa alfajiri, mara tu mtu anapoamka, kabla hajaondoka kitandani.

Ute hutangulia, joto hufuata. Anayetafuta mtoto akingojea joto lipande huwa amechelewa kwa mwezi huo. Faida ya kulipima ni kuonyesha, baada ya miezi michache ya kuandika, iwapo yai hutoka na hutoka takriban lini. Wapo pia wanaotegemea kalenda peke yake, wakiamini kwamba kila mwanamke hupevusha yai siku ya 14. Si kweli. Kinachokaribia siku 14 ni kipindi cha tangu yai kutoka hadi hedhi ifuatayo. Mwenye mzunguko wa siku 35, basi, hupevusha yai karibu na siku ya 21.

Sasa na yatazamwe majina. Siku hizo 6 huitwa na wengi "siku za hatari", na zilizobaki huitwa "siku salama". Istilahi hizi zilienea kupitia mafunzo ya kupanga uzazi, na huko zina mantiki yake, kwa kuwa anayefundishwa anataka kuepuka mimba. Lakini mwanamke anayelilia mtoto akiambiwa asubiri siku za hatari, lugha imemgeuzia heri yake kuwa balaa. "Siku za rutuba" ni jina linalomfaa kila mmoja, anayetaka mimba na asiyeitaka.

Neno la pili linalohitaji kusailiwa ni "uchafu". Katika mazungumzo ya kliniki na ya mitaani, takriban kila kitokacho ukeni huitwa uchafu, kiwe kimeletwa na maradhi au na afya njema. Matokeo yake ni kwamba mwanamke anayeuona ute wa rutuba anaweza kudhani ni mgonjwa, akajiosha kwa ndani, akaiondoa dalili ile ile aliyoihitaji na kujidhuru juu ya hayo. Ajabu ni kwamba lugha haikupungukiwa hata kidogo. Kiswahili husema "ute wa yai" kwa ile sehemu nyeupe ya yai la kuku, na ute wa rutuba hufanana mno na ute wa yai bichi. Fasili ingekamilika kwa kuonyesha kitu kilichomo jikoni.

Anayetaka ushahidi kwamba dalili hizi zinaweza kutajwa bila fedheha na auone papa hapa Njoro. Mji huu una Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, na umezungukwa na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mfugaji hujua kwamba mtamba hurejea joto kila baada ya siku 21 hivi. Huangalia ute mwangavu unaoning'inia, humwona akisimama tuli wenziwe wanapompanda, huandika tarehe, na akimwona asubuhi humwita mpandishaji aje jioni. Hayo yote husemwa mbele ya watoto na wageni, bila mtu kuinamisha kichwa. Hapana anayemlinganisha binadamu na mnyama. Mizunguko yao ni tofauti. Linalolinganishwa ni uhuru wa kusema. Katika boma moja, dalili za ng'ombe zina majina na daftari, na za mama mwenye boma hazina.

Huenda ikadaiwa kuwa adabu ya Kiswahili hairuhusu mambo haya. Hoja hii ina uzito, ila imesahau nusu ya adabu yenyewe. Katika jamii za pwani, somo au kungwi alikuwa na jukumu la kumfundisha mwari mambo ya mwili wake kwa maneno bayana, mahali panapostahili. Tasfida ilimsitiri asiyepaswa kusikia. Haikukusudiwa kumnyima anayepaswa kujua.

Ni kweli pia kwamba dalili hizi zina mipaka. Hazionyeshi kama mirija imezibwa na maambukizi yasiyotibiwa, wala kama mbegu za mume ni chache. Shirika la Afya Duniani huhesabu ugumba baada ya miezi 12 ya kujaribu bila kufaulu. Aliyetimiza miaka 35 hushauriwa asingoje zaidi ya miezi 6, na asiyepata hedhi kwa mpango asingoje kabisa. Wapimwe wote wawili, kwani kasoro za upande wa mwanamume huchangia karibu nusu ya visa. Hapa tena lugha hupotosha. "Tasa" ni tusi ambalo aghalabu humwangukia mke, na mume anayeliweza tendo la ndoa hudhaniwa hana walakini. Ndoa huvunjika kwa neno hilo kabla ya mtu yeyote kupimwa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi katika Ibara ya 7, na katika Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya huduma za afya, zikiwemo za uzazi. Haki hizi mbili hukutana katika chumba cha muuguzi. Njoro ni mji wa makabila mengi, na mara nyingi Kiswahili ndicho kinachowaunganisha muuguzi na mgonjwa. Kamusi ya Tiba ya TUKI ipo. Hata hivyo, istilahi isiyotoka rafuni haimfai mgonjwa. Wanafunzi wa Kiswahili wanaotafuta mada za utafiti wana kazi iliyo karibu na lango la chuo: kukusanya maneno wanayotumia wanawake, wakunga na wauguzi, kuyapima, kisha kuandika pamoja na wataalamu wa afya kijitabu chepesi ambacho mke na mume wanaweza kukisoma pamoja. Kazi hiyo ianze na maneno matatu tu: ute, joto, rutuba.